Mzabuni wa kampuni yetu amenunua robo ya mchezo wangu

Shikamoo mama,

Mimi ni mwanamume wa miaka 46, mkurugenzi mtendaji wa kampuni yenye wafanyakazi zaidi ya 300. Safu yako naisoma siku nyingi, lakini sikuwahi kufikiri kwamba nami nitakuja kukuandikia. Mambo yangu nimezoea kuyamaliza mwenyewe. Hili limenikwama kooni.

Nacheza poka. Nilianza miaka tisa iliyopita na wenzangu wa kazini, tukicheza kwa vijisenti baada ya saa za kazi, nikajikuta naupenda mchezo huu kuliko mwingine wowote. Siku hizi nashiriki mashindano ya viingilio vikubwa. Kwa wasomaji wako wasioujua: kila mmoja analipa kiingilio na kupewa chipu sawa na mwenzake. Karata mbili unazishika mwenyewe kwa siri, tano zinafunuliwa mezani kwa wote. Dau la lazima linapanda kila baada ya muda, hivyo huwezi kukaa kungoja karata nzuri mpaka asubuhi. Chipu zako zitaliwa hivi hivi. Zikiisha, umetoka. Wengi hutoka mikono mitupu, wachache hulipwa, na fungu kubwa huwaendea wale wawili watatu wanaobaki mwisho.

Nacheza siku zangu za likizo na kwa fedha yangu. Hata senti moja ya kampuni sijawahi kuigusa, na hilo naweza kuapa mbele ya yeyote. Kwa miaka miwili iliyopita nimelipa viingilio 22, kwa wastani wa dola 8,000 kila kimoja, na nimepokea zawadi za jumla ya dola 214,000. Kati ya hizo, dola 150,000 nilizipata katika shindano moja nililomaliza wa pili. Tangu siku ile mambo yalibadilika. Wateja wakinitembelea ofisini wanataka niwasimulie. Wajumbe wawili wa bodi huniita bingwa.

Sasa nimealikwa kwenye shindano la kiingilio cha dola 100,000, wafanyabiashara na wachezaji wa kulipwa meza moja. Fedha ya namna hiyo sina ya kuitupa, kwa hiyo nimefanya wanavyofanya wachezaji wote: nimeuza hisa za mchezo wangu. Anayenunua asilimia fulani anapata asilimia hiyo ya zawadi nikishinda, nikishindwa fedha yake imekwenda. Marafiki zangu wawili wa utotoni wamechukua asilimia 15 kwa dola 15,000. Mtu mwingine amechukua asilimia 25 kwa dola 35,000. Dola 50,000 zilizobaki nazitoa kwenye akiba yangu na mke wangu. Huyu wa asilimia 25 ni mmiliki wa kampuni inayotuuzia vifungashio. Tunafahamiana miaka mingi. Mkataba wake na sisi unaisha miezi miwili baada ya shindano, lakini nakuhakikishia hatujawahi kuuzungumzia hata siku moja. Anasema anaupenda mchezo na ananiamini.

Mke wangu anajua kwamba nacheza, ila anadhani ni viingilio vidogo. Safari hii nimemwambia ni mkutano wa kikazi.

Kuna jambo lilitokea safari iliyopita ambalo halinitoki akilini. Tulikuwa tumebaki watu 61, na wanaolipwa ni 58. Saa hizo meza zote zinakuwa kimya, kila mtu anaogopa kutoka kabla ya malipo. Simu ikaanza kutetemeka mfukoni. Sheria haziruhusu kushika simu ukiwa na karata mkononi, nami nilikuwa nimeshika ree mbili, jozi kubwa kuliko zote. Mwenzangu akasukuma chipu zake zote, nami nikazisukuma zangu. Akafunua wafalme wawili. Karata nne za mezani zikapita salama. Ya tano ikawa mfalme wa kopa. Nilipoinuka nikakuta nimepigiwa mara 11 na mkuu wetu wa fedha, dada mmoja makini sana. Benki ilikuwa inangoja uthibitisho wangu kabla ya kufunga. Muda ukapita, mishahara ikachelewa siku moja. Nilimwambia nilikuwa kwenye ndege.

Kaka yangu mkubwa anasema hii ni kamari na nitaishia pabaya. Mimi nasema ni mchezo wa akili, hauna tofauti na biashara. Nani kati yetu yuko sahihi? Je, nina wajibu wa kuiambia bodi ilhali ni fedha yangu na likizo yangu? Na je, mama, mimi ni mgonjwa? Zimebaki siku 12 za kuthibitisha ushiriki.

Mkurugenzi wa mezani

*

Marahaba mwanangu.

Kabla sijaanza kuandika safu hii nilifanya ukaguzi wa hesabu miaka mingi, na mazoea hayo hayajanitoka. Macho yangu hutangulia kwenye tarakimu, maneno hufuata. Kwa hiyo uniwie radhi nikianza na sehemu ya barua yako uliyoipita haraka kuliko zote.

Marafiki zako wametoa dola 15,000 kwa asilimia 15. Ni dola 1,000 kwa kila asilimia, na kwa kuwa kiingilio ni dola 100,000, hiyo ndiyo bei yake. Mzabuni wenu ametoa dola 35,000 kwa asilimia 25. Ni dola 1,400 kwa kila asilimia. Amelipa dola 10,000 zaidi ya thamani ya alichopewa. Wewe mwenyewe ndiye uliyeniandikia takwimu hizi, na mtu anayeongoza kampuni ya watu 300 hashindwi kugawanya 35 kwa 25. Nadhani uligawanya, ukaona, ukapita.

Utaniambia kwamba wachezaji huuza hisa zao kwa bei ya juu kidogo na hakuna anayeshangaa. Ni kweli. Mchezaji wa kulipwa mwenye rekodi ya miaka mingi anaweza kuongeza bei, kwa sababu anayenunua anatarajia kwamba kwa wastani mtu huyu hurudisha zaidi ya anachoingiza. Ile ziada ni malipo ya ustadi uliothibitishwa. Basi tuitazame rekodi yako.

Viingilio 22 kwa dola 8,000 ni dola 176,000. Umepokea 214,000. Hapo una faida ya dola 38,000, na nadhani ndiyo namba unayotembea nayo kichwani. Lakini safari hukuziandika. Tuseme ulisafiri mara 12 tu, na kila safari ikala dola 3,500 za tiketi, hoteli na chakula. Hizo ni dola 42,000. Faida imeisha na umeingia hasara ya dola 4,000. Kodi sijaigusa: Marekani, kwa mfano, mgeni ambaye nchi yake haina mkataba wa kodi nao hukatwa asilimia 30 ya ushindi wake wa poka palepale kabla hajatoka. Tena sijui kama ndani ya hizo 22 umehesabu zile siku ulizotolewa ukalipa tena na kurudi mezani, maana mashindano mengi yanaruhusu hivyo na wachezaji wengi huzisahau. Sasa liondoe lile shindano moja la dola 150,000. Umebaki na dola 64,000 kutoka viingilio 21 vilivyokugharimu kama dola 168,000.

Sikusemi kwa hayo. Hata wachezaji hodari hupitia miaka miwili ya namna hiyo, na nitakueleza sababu yake huko chini. Ninachotaka ukione ni hiki: hakuna mfanyabiashara anayejua hesabu atakayelipa dola 1,400 kwa kitu cha dola 1,000 chenye rekodi hiyo. Akilipa, ujue ananunua kitu kingine. Na kitu pekee ulichonacho chenye thamani kwake ni sahihi yako miezi miwili ijayo.

Unaniambia hamjazungumzia mkataba. Nakuamini. Katika kazi yangu nilikutana na mambo ya namna hii zaidi ya mara moja, na karibu kila mara hapakuwa na neno lililosemwa. Hapakuwa na haja. Mkono mtupu haulambwi, na huyu wako hakuja mkono mtupu. Huenda hata yeye mwenyewe moyoni anaamini ni urafiki. Hebu tuende mbele kidogo. Umetolewa siku ya kwanza. Dola 35,000 za mtu zimeyeyuka mikononi mwako. Miezi miwili baadaye ziko zabuni tatu mezani kwako, na ya mwenzake ni nafuu kuliko yake kwa asilimia nne. Utaiona hiyo asilimia nne kwa macho yaleyale uliyokuwa nayo mwaka jana? Au tuseme umeshinda dola milioni moja. Utaingiza dola 250,000 kwenye akaunti ya mzabuni wa kampuni unayoiongoza. Mkaguzi atakayekuja kuona fedha imetoka kwa mzabuni kwenda kwa mkurugenzi, kisha imerudi kutoka kwa mkurugenzi kwenda kwa mzabuni, halafu mkataba ukahuishwa, hatauliza habari za poka. Na hata kama vifungashio vyake ndivyo bora kuliko vyote, hakuna atakayekuamini tena ukisema hivyo.

Kuna shindano moja ninalopenda kulitaja watu wanaponiuliza habari za fedha za mchezo. Mwaka 2006, kwenye shindano kuu la World Series of Poker kule Las Vegas, walilipa kiingilio cha dola 10,000 watu 8,773. Jamie Gold, aliyetokea kwenye biashara ya televisheni, alishinda dola milioni 12. Fedha hazijakauka wino, akajitokeza mtu akidai kwamba walikubaliana kwa mdomo kugawana nusu kwa nusu. Wakafikishana mahakamani, na nusu ya zawadi yake ikafungiwa kwenye kesi hadi walipopatana. Katika ukumbi huohuo, shindano hilohilo, alikuwamo David Einhorn, meneja wa mfuko wa uwekezaji wa Greenlight Capital. Alimaliza wa 18 na kupata dola 659,730, akazitoa kwa taasisi ya Michael J. Fox inayofadhili utafiti wa ugonjwa wa Parkinson. Mwaka 2012 akarudi kwenye shindano la kiingilio cha dola milioni moja, lenye watu 48, ambalo dola 111,111 za kila kiingilio zilikwenda kwenye miradi ya maji ya One Drop. Akawa wa tatu, akapata zaidi ya dola milioni nne, nazo akazitoa kwa City Year, shirika linalosaidia wanafunzi. Mtu huyu anasimamia fedha za watu na anacheza poka ya dola milioni moja mchana kweupe. Wawekezaji wake walijua aliko na walijua fedha ilikwenda wapi. Sikwambii nawe utoe zawadi zako zote sadaka, una familia. Nakuonyesha tu kwamba mkurugenzi kucheza poka si siri ya kufichwa, ila ni lazima ijulikane nani ana fungu lake ndani ya mchezo huo.

Kuhusu ubishi wako na kaka yako, nyote wawili mmeshika kweli nusu. Ustadi upo. Anayejua lini atupe karata, lini apandishe dau na lini mwenzake anamtisha kwa karata mbovu, atamshinda asiyejua, mkicheza vya kutosha. Tatizo ni hicho "vya kutosha". Ree mbili dhidi ya wafalme wawili hushinda takriban mara 82 katika 100. Kwa hiyo usiku ule ulifanya uamuzi sahihi, na ukashindwa. Nadhani hilo unalijua. Lakini fanya hesabu hii: ukisukuma chipu zako zote mara tatu katika siku moja, kila mara ukiwa na nafasi nne katika tano, uwezekano wa kuvuka zote tatu ni kama nusu tu. Kurusha sarafu. Na shindano kubwa halimalizwi kwa mara tatu. Mwaka 2023, kwenye shindano lile kuu la Las Vegas, walilipa dola 10,000 watu 10,043. Waliopata chochote ni 1,507, na wa mwisho kati yao alipata dola 15,000. Watu 8,536 waliondoka bila kitu, na miongoni mwao walikuwamo wachezaji wazuri mno. Ndiyo maana nimekwambia miaka miwili na viingilio 22 havithibitishi kwamba wewe ni hodari, na wala havithibitishi kwamba si hodari. Ile nafasi ya pili ni alasiri moja nzuri katika maisha yako. Ifurahie, lakini usiipandishie bei ya hisa.

Kwa sababu hiyohiyo wachezaji waangalifu wa mashindano huambiana mtu awe na akiba ya viingilio 100 hivi, iliyotengwa kabisa na fedha ya maisha. Kwa kiingilio cha dola 100,000, hizo ni dola milioni 10. Ndiyo maana hata wanaoishi kwa poka huuza sehemu kubwa ya hisa zao kwenye meza kama hiyo. Wewe unataka kuingia na nusu ya fedha kutoka akiba ya nyumbani.

Na biashara, mwanangu, haifanani na shindano kama unavyosema. Kwenye biashara, soko likiwa baya unaweza kusubiri, unaweza kurudi kwa mteja mkajadiliana upya. Mezani dau la lazima linakusukuma utake usitake, na jambo la busara mara nyingine ni kuhatarisha kila ulichonacho sasa hivi. Mtu akitoka huko na tabia hiyo akakaa kwenye kiti cha mkurugenzi, anaweza kuwaumiza watu wengi. Chipu zikiisha unainuka tu. Ile mishahara iliyochelewa siku moja ilikuwa kodi ya nyumba ya mtu na dawa ya mtu.

Umeuliza kuhusu bodi. Ndiyo, una wajibu, hata kama usingeuza hisa kwa yeyote. Likizo ni yako na fedha ni yako, ila ukiwa umekaa mahali usipoweza kushika simu kwa saa nyingi, na wewe peke yako ndiye unayethibitisha malipo benki, mchezo wako umeshaingia kwenye shughuli za kampuni. Hilo la benki lirekebishwe haraka: awepo mtu wa pili mwenye mamlaka ya kuthibitisha, kwa azimio la bodi, kila unapokuwa likizoni. Ni udhaifu ambao ungekuwepo hata kama ungekuwa unavua samaki.

Ila suala la mzabuni haliwezi kungoja kikao. Mrudishie dola 35,000 zote kwa njia ya benki, kutoka akaunti iliyozipokea kwenda akaunti iliyozituma, na kwenye maelezo ya malipo uandike wazi ni marejesho ya nini. Usimpe taslimu, na usimrudishie 10,000 za ziada tu ukabaki na 25,000 kwa kuwa "hizo ni bei halali". Mgongano wa maslahi hauponi kwa kupunguza bei. Huenda akakwambia, "Kaa nazo tu, tutaelewana." Ukisikia neno hilo utajua ulichokuwa umeuza.

Kisha mwandikie mwenyekiti wa bodi. Barua fupi inatosha. Ningeiandika hivi: "Nashiriki mashindano ya poka kwa fedha yangu binafsi. Kwa ajili ya shindano lijalo nilipokea dola 35,000 kutoka kwa mmiliki wa kampuni inayotuuzia vifungashio, kwa makubaliano ya kumpa asilimia 25 ya zawadi. Nimezirudisha tarehe fulani, na uthibitisho wa benki nimeuambatanisha. Naomba nisishiriki kwa namna yoyote katika uamuzi wa mkataba wa vifungashio, na mchakato huo usimamiwe na mtu mwingine." Usiongeze kwamba ninyi ni marafiki wa miaka mingi, usieleze kwamba hamkuzungumza. Mweleze yaliyotokea, yeye aulize.

Inawezekana kabisa kwamba bodi itakasirika. Inawezekana utapewa onyo, au zaidi ya onyo. Siwezi kukuficha hilo, wala siwezi kukuahidi kwamba kiti chako kitabaki salama. Ninachokijua kutokana na kazi yangu ni kwamba bodi hulipokea jambo kwa namna moja likiletwa na mhusika mwenyewe, fedha ikiwa imeshakwisha kurudi, na kwa namna nyingine kabisa likiibuliwa na mkaguzi au na mzabuni aliyekosa zabuni.

Sasa mkeo. Hapa nitakuwa mkali kidogo, kama mama. Dola 50,000 hizo si zako. Umeandika mwenyewe "akiba yangu na mke wangu". Akiba ya watu wawili haichukuliwi na mmoja kwa kisingizio cha mkutano wa kikazi. Ulinieleza kwa fahari kwamba hujagusa senti ya kampuni, na ni sifa njema, lakini ungeigusa ya kampuni ungeulizwa na watu wengi. Ya nyumbani hakuna mwenye kukukagua ila yeye, naye umemfumba macho. Kaa naye. Mpelekee karatasi yenye viingilio vyote 22, tarehe, kiasi kilichoingia na kilichotoka, pamoja na tiketi na hoteli. Usimpelekee jumla tu. Muache asome mstari kwa mstari, hata akinyamaza muda mrefu. Fedha ya poka itakayokubaliwa baada ya hapo iwe akaunti peke yake, na ikiisha imeisha.

Je, wewe ni mgonjwa? Mimi si daktari, mwanangu. Wataalamu wa afya ya akili wana dalili tisa wanazozitazama kwa mtu anayecheza kamari, na anayezionyesha nne au zaidi ndani ya miezi 12 huhesabiwa kuwa na tatizo la kutibiwa. Miongoni mwake ni kuhitaji dau kubwa zaidi ili kupata msisimko uleule, kurudi kufukuzia hasara, kujaribu kuacha ukashindwa, kuwadanganya watu kuhusu mchezo, na kuhatarisha kazi au ndoa kwa ajili yake. Katika barua yako nimeona uongo mara mbili, kwa mkeo na kwa mkuu wa fedha, na nimeona kiingilio kikiruka kutoka dola 8,000 hadi 100,000. Mengine unayajua wewe. Nenda kwa mshauri wa kisaikolojia anayeshughulika na mambo ya kamari, umsimulie kama ulivyonisimulia mimi. Ukiona unaahirisha kwenda mpaka shindano lipite, mwambie na hilo.

Kuhusu kwenda au kutokwenda, hesabu imeshajibu. Ukirudisha 35,000 na akiba ya nyumbani ikabaki mahali pake, una dola 15,000 za marafiki zako, nazo ni zao. Wajulishe waandaaji kwamba hutashiriki, nao wenzako uwarudishie chao. Kama mkeo na bodi wakijua kila kitu na bado wakaona sawa uendelee kucheza, yako mashindano ya kufuzu ambayo kwa kiingilio kidogo mtu hujipatia nafasi kwenye lile kubwa. Chris Moneymaker, aliyeshinda dola milioni 2.5 mwaka 2003 mbele ya washiriki 839, aliingilia kwa njia hiyo, kwa shindano la mtandaoni la dola 86, naye alikuwa mhasibu wa kuajiriwa. Simtaji ili uote ndoto zake. Namtaja kwa sababu fedha aliyoihatarisha ilikuwa ndogo, ya mtu anayekwenda kazini kesho yake.

Una siku 12. Fedha ya mzabuni irudi katika tatu za kwanza, na barua ya mwenyekiti ifuate siku hiyohiyo benki itakapokupa uthibitisho. Lakini hata kabla ya hayo, kesho asubuhi, yuko mtu mmoja wa kumwita ofisini kwako na kufunga mlango. Ni yule dada wa fedha aliyekupigia mara 11 huku muda wa benki ukimwishia, kisha akabaki kuwaeleza watu kwa nini mishahara haijaingia. Mwombe radhi, umwambie hukuwa kwenye ndege. Ulikuwa mezani, una ree mbili mkononi, na simu uliisikia.